Ukuzaji mdogo: woga au busara?

Mfumo wa monotoni hauvunji mpangilio: ukiuendesha mara mbili, mwendo ulioanza juu ya mwingine utabaki juu yake. Mwaka 2003 David Angeli na Eduardo Sontag waliipeleka dhana hiyo kwenye mifumo yenye ingizo na tokeo, wakauliza: miwili ikifungwa kwa mrejesho hasi, yaani kitanzi kinachopinga kila badiliko linalokizunguka, itatulia lini?

Jibu lao, nadharia ya ukuzaji mdogo, ni jepesi ajabu. Lisha kila mfumo ingizo lisilobadilika, ungoje utulie, kisha chora tokeo lake dhidi ya ingizo. Sasa ruka kati ya mikunjo hiyo miwili: tokeo la huu liwe ingizo la ule, na kurudi. Popote uanzapo, namba zikikusanyika kwenye nukta moja, mfumo mzima nao utatulia. Huna haja ya kujua kasi za ndani, na kwa anayechunguza seli hilo humwondolea nusu ya kazi.

Wakosoaji husema mifumo mingi si ya monotoni, hivyo lazima ikatwe vipande kwanza. Kweli, ila hilo halinisumbui sana. Hoja yao nzito ni kwamba sharti la namba kukusanyika linatosha lakini si la lazima. Chukua hatua tatu za mstari (tokeo hulingana na ingizo), za daraja la kwanza (kila moja hulifuata ingizo lake taratibu) na zenye kasi sawa, zilizofungwa kwa mrejesho hasi. Kitanzi hicho hutulia ukuzaji wake, yaani mara ngapi ishara tuli huongezeka ikikizunguka, ukiwa chini ya 8. Sharti linadai uwe chini ya 1, kwa kuwa kila mzunguko huzidisha namba kwa ukuzaji huo! Hatua zikiwa mbili, ukuzaji wowote unatulia, na sharti bado limeshikilia 1.

Lakini tia ucheleweshaji ndani ya kitanzi uone. Ukuzaji ukizidi 1, upo ucheleweshaji utakaokiyumbisha. Ukiwa chini ya 1, haupo hata mmoja. Kumbe ile 8 ilisimama juu ya dhana kwamba ishara hufika papo hapo. Ndani ya seli, jeni hunakiliwa na protini hujengwa kabla ujumbe haujafika, na muda huo ni nadra kupimwa. Huko naishika 1. Kwa fundi wa saketi anayejua nyakati zake zote, kujibana hivyo ni hasara tupu.

Kosa ninaloliona sana ni jingine: namba zikirukaruka bila kukusanyika, mtu hutangaza kuwa mfumo utayumba. Nadharia haikusema hivyo. Imenyamaza tu.