Smart: Mtoto Hakukosea

Nilikuwa nakagua daftari la Kiingereza la mpwa wangu wa darasa la tano, nikakuta kawekewa kosa kwa wino mwekundu. Swali lilitaka maana ya smart. Yeye kaandika "mwenye akili". Mwalimu kakata, juu yake kaandika "nadhifu". Nimeudhika mpaka sasa, maana mtoto kapata, halafu kaambiwa kakosa.

Najua jibu la mwalimu lilikotoka. Huku kwetu tulipokea Kiingereza cha Mwingereza, na kwake smart ni shati lililonyooshwa na viatu vilivyong'arishwa. Ndiyo maana tunaambiana "leo uko smati". Mtoto naye kalitoa kwenye katuni za Kimarekani, na Mmarekani akisema smart mara nyingi anazungumzia kichwa. Hata hii simu janja uliyoshika, jina lake limefuata akili, si unadhifu. Sasa neno likiwekwa peke yake bila sentensi, nani ajue linasema lipi?

Na bado. Mzazi akimwambia mwanawe "don't get smart with me", hasifii akili wala mavazi. Anamkanya aache ujuaji. Zamani, katika Kiingereza cha kale, lilikuwa neno la maumivu yanayochoma. Kutoka hapo likaingia kwenye wepesi, kisha kwenye ukali wa akili, na karne ya 18 lilikuwa linasemwa hata kwa mavazi.

Sisi ndio tulipaswa kulielewa hili kuliko wote, kwa sababu tuna "kali". Kisu kikali, jua kali, pilipili kali, dawa kali, mbwa mkali, mwalimu mkali. Kijana akipendezewa na wimbo anasema ngoma kali. Nikimpa mgeni neno hilo tupu, akaandika habari za kisu, nami nikamkosesha kwa kuwa nilitaka pilipili, nitakuwa nimemwonea. Hakuna mtoto wetu aliyekaririshwa orodha ya maana za kali. Moja aliipata jikoni, nyingine kwenye geti la jirani, nyingine juani akirudi shule. Kwa nini basi Kiingereza tukifundishe kwa safu mbili, neno kushoto, maana kulia, basi?

Haya, nakubali madarasa yamejaa na safu mbili husahihishwa haraka. Lakini huyu mtoto akifika Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza. Akishaamini kwamba alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe ni kosa, atanyamaza. Nimewaona wengi wa hivyo: jibu wanalo, mkono hawanyooshi. Hilo linaniuma kuliko alama yenyewe.

Walimu wetu, naombeni sentensi tatu tu ubaoni. Ya kwanza mtu kavaa anakwenda harusini. Ya pili mtu katatua hesabu iliyowashinda wenzake. Ya tatu mtoto anamjibu mama yake kwa ujuaji. Neno liwe smart kote, na watoto waulizwe kila mara linasema nini, na wamejuaje.