Jumatatu ya kufua: utoto wa Uingereza baada ya vita

Wanaosimulia utoto wa mitaa ya wafanyakazi wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili hupenda kuanzia barabarani: watoto wanacheza mpira bila hofu ya magari, milango haifungwi, kila jirani anamjua mtoto wa mwenzake. Hayo yalikuwepo. Lakini anayetaka kuuelewa utoto ule aanzie nyuma ya nyumba, siku ya Jumatatu.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Nyama ya Jumapili iliyobaki ililiwa baridi, hivyo mama hakulazimika kupika, na moto wote ukaenda kwenye maji. Nyumba nyingi zilikuwa na bomba moja tu la maji baridi. Sensa ya 1951 ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya kaya za England na Wales hazikuwa na bafu la kudumu. Maji ya moto yalichemshwa katika chungu kikubwa cha shaba kilichojengewa matofali, moto ukiwa chini yake. Chungu cha lita 45 kilitaka ndoo tano za lita 9, na mtoto aliyekwisha kupata nguvu za kubeba ndoo alibeba.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Nguo nyeupe zilitangulia, za rangi zikafuata, na ovaroli za kiwandani au mgodini zikaja mwisho, kwa sababu maji yaleyale yalitumika zaidi ya mara moja. Sufu haikuchemshwa kamwe, maana hunywea na kuganda. Penye maji magumu, kama London, magadi ya kufulia yalitangulia sabuni. Ukianza na sabuni, chokaa iliyomo majini huila kwanza, na badala ya povu unapata utando wa kijivu unaong'ang'ania shuka. Kisha nguo zilitwangwa ndani ya pipa kwa mchi, na kola zikasuguliwa kwenye ubao wenye mikunjo.

Baada ya kusuuza ilikuja buluu, rangi ya kufulia iliyofungwa ndani ya kitambaa. Kifuko chake kilikamuliwa ndani ya maji ya mwisho mpaka rangi ienee, kikatolewa, ndipo nguo zikaingia moja moja na kutoka upesi. Ukikiacha humo, shuka hutoka na mabaka. Rangi hiyo haiondoi uchafu; inaficha umanjano ili jicho lione weupe.

Kukamua ndiko kulikowaumiza watoto. Mashine ya chuma yenye rola mbili za mbao ilizungushwa kwa mkono: mmoja anazungusha, mwingine anaingiza nguo. Vifungo vilikunjiwa ndani visipasuke, na vidole vilipaswa kubaki mbali. Mtoto aliyechoka au aliyeangalia pembeni alibanwa vidole. Ongeza maji yanayochemka na sakafu yenye utelezi, ndipo utaona kwa nini sikubali kazi hii iitwe msaada mdogo wa nyumbani.

Kuanika nako kulikuwa na adui: makaa ya mawe. Kila bomba la moshi lilimwaga masizi, na upepo ukigeuka, kazi ya asubuhi nzima ilirudi pipani. Sheria ya Hewa Safi ilikuja 1956, baada ya moshi mzito wa London wa Desemba 1952.

Sabuni yenyewe ilikuwa ya mgao tangu Februari 1942 hadi Septemba 1950, kwa kuwa mafuta ya kula na shahamu, vinavyotengenezea sabuni, viliadimika. Ilipoanza, kila mtu alipata kuponi nne kwa wiki nne, na kuponi moja ilitoa kama gramu 115 za sabuni ya mche. Upungufu huohuo wa mafuta ndio uliozaa mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga Tanganyika mwaka 1947. Pori la Kongwa lilifyekwa kwa matrekta ili wanawake wa Uingereza wapate majarini na sabuni. Udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua hazikutosha, na mpango ukafutwa 1951. Mgao wa sabuni ulikuwa umekwisha kabla Kongwa haijaleta mavuno ya maana.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema dhiki ile ndiyo iliyowajenga watoto. Kilichowainua kinatajika. Kuanzia 1946 kulikuwa na theluthi ya painti (kama mililita 190) ya maziwa ya bure shuleni kila siku, na posho ya shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, aliyokabidhiwa mama. Julai 1948 matibabu yakawa bure. Aneurin Bevan, waziri aliyesimamia afya na nyumba, alishikilia kwamba nyumba za halmashauri ziwe na nafasi ya kutosha hata kama ujenzi ungechelewa, na nadhani alifanya sawa.

Ushahidi bora zaidi kwamba watu walitaka kuondokana na dhiki ile ni vile vijumba vya muda vilivyotengenezwa viwandani, zaidi ya 150,000 kufikia 1949. Vilikusudiwa kudumu takriban miaka 10. Vilikuwa na choo ndani, bafu, maji ya moto bombani, hata jokofu. Familia nyingi zilikataa kuhama muda huo ulipokwisha, na baadhi ziliishi humo miongo kadhaa.