Pointi Ninazo, Chumba Sina

Mwangalieni mwenzangu wa kazini. Tunatumwa misheni pamoja Johannesburg kufuata vipuri vya mashine za migodini, pesa ya misheni ni ileile, tarehe ni zilezile. Yeye akishuka kwenye ndeke anakwenda kulala kwa binamu yake, anakula bukari ya pale, anarudi Lubumbashi na bahasha yake karibu nzima. Leo ana parseli, yaani kiwanja cha kujenga, upande wa Kasapa, ukuta umeshafika dirishani. Mimi nalala hoteli ya maana, yenye jina dunia nzima, kwa sababu inatoa pointi. Leo nina pointi. Kujengea ukuta haziwezekani, kununulia unga haziwezekani, lakini ni nyingi, jamani! Ukifungua simu zinang'aa kwa rangi ya dhahabu.

Basi nikatangaza nyumbani: vakansi za Agosti tunakwenda Zanzibar, wiki nzima, hoteli ya ufukweni, bure. Hilo la bure ndilo lililoruka ukuta. Kabla ya magaribi habari ilikuwa imefika Katuba kwa shemeji, imefika komini ya Kenya kwa shangazi, imefika Kipushi kwa mama mkwe. Na kwa mama mkwe ilifika imenenepa: eti nimepewa hoteli.

Kwa asiyeujua mchezo huu, uko hivi. Unalala, unalipa, na kwa kila dola hoteli nyingi za aina hiyo zinakuandikia kama pointi 10. Zikirundikana vya kutosha, unalala bila kulipa. Wamarekani ndio walioanza: American Airlines upande wa ndeke mwaka 1981, halafu mahoteli kama Holiday Inn na Marriott wakafuata 1983. Sasa huo mwaka 1983 huku kwetu Kongo rais Mobutu aliishusha thamani zaire, pesa yetu ya wakati ule, mpaka wazee wakashika kichwa. Baba yangu, mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, alikuwa na akiba yake ya zaire. Mwaka 1993 wakaleta zaire mpya: lete milioni 3 za zamani, chukua moja. Ndugu zetu wa Kasai walizikataa hizo noti mpya hadharani. Mwaka 1998 ikaja franka: lete laki moja za zile mpya, chukua franka moja. Mzee alikuwa milionea asubuhi, jioni anaomba nauli. Ndiyo maana mtu wa hapa anaamini dola, na hata dola yenyewe anaigeuza mbele na nyuma kwenye mwanga. Ikiwa na kampasuko kadogo pembeni anakurudishia na uso ameukunja. Mtoto wa mzee huyo ndiye amekubali kuweka akiba kwa pesa inayochapishwa na hoteli.

Na bei yake! Zamani walikuwa na jedwali: hoteli ya daraja hili, pointi kadha wa kadha, imekwisha. Wengi wamelitupa, Marriott waliliacha lao 2022. Siku hizi bei inapanda na kushuka wanavyotaka wao. Kambisti wa barabarani anayekaa juani na mafungu ya franka mbele yake ana heshima kuliko hiyo simu: bei ya leo anakwambia usoni, na ukianza kuondoka anakuita, "Kuja, patro, nitakuongezea." Simu haikuiti. Usiku mmoja niliona bei nzuri, nikakimbia jikoni kumwita bibi yangu, mama watoto, aje ashuhudie. Tuliporudi sebuleni ilikuwa imepanda.

"Imesikia tunakuja," akasema.

Tena wanajisifu kwamba hawana tarehe zilizofungwa. Ni kweli, Agosti yote ilikuwa wazi. Vyumba vya kawaida tu ndivyo vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vile vyenye bwawa la kuogelea la peke yako, na pointi zake hata nikilala Johannesburg mpaka pensheni sizifikishi.

Kuna kitu kizuri kimoja, nisiwaonee. Hoteli kadhaa, ukichukua siku 5 mfululizo kwa pointi, usiku wa tano hulipi. Bibi yangu akavuta kalkuleta ya mtoto. "Kwa hiyo wiki moja tunalipia siku 6. Tukikaa 10 tunalipia 8. Baba, tukihamia kabisa je?" Nilimnyang'anya kalkuleta.

Nikaona afadhali nipige simu kwenye huduma yao. Nikanunua uniti za kutosha, nikakaa chini ya mwembe ambapo mtandao unashika, nikasikiliza muziki wao mpaka nikaujua. Akatoka binti mwenye sauti ya asali. Akaniuliza jina. Hapo ndipo penye kazi. Mkongomani ana jina, ana postinomu, yaani jina la pili la kiasili, na ana prenomu, lile la kikristo, na kila karatasi inayapanga inavyojisikia. Mapokezi ya Johannesburg waliniandika kwa prenomu na jina. Mapokezi ya Nairobi waliniandika kwa jina na postinomu, kwa sababu ndivyo paspoti yangu ilivyowaangukia machoni. Binti akanyamaza kidogo, nikasikia anabonyezabonyeza.

"Bwana, hawa ni wateja wawili."

"Ni mimi."

"Mteja wa kwanza hana pointi za kutosha wiki nzima. Wa pili pia hana."

"Wote wawili ni mimi, mama!"

"Pointi haziwezi kutumika kwa jina la mtu mwingine, bwana."

Mtu mwingine! Mwili mmoja, bibi mmoja, deni moja la karo, lakini kwa hoteli tuko wawili na wote maskini. Akaniomba nitume paspoti, karti ya uchaguzi, na barua ya kueleza. Ningeeleza nini? Nianze na Mobutu kukataza majina ya kikristo 1972? Nilianza naye. Aya tatu. Uniti zikakatika, halafu moto wa umeme nao ukakatika mtaa mzima, nikamalizia barua kwa tochi. Waliunganisha akaunti baada ya muda ambao mwenzangu alitumia kuezeka.

Mle ndani nikagundua tena kwamba misheni ambazo sekretari wa ofisi alizipitishia kwa ajensi hazina pointi hata moja. Lazima uwe umeagiza chumba kwao wenyewe, moja kwa moja. Kulala nimelala, mto wao nimeufinyanga kwa kichwa changu, asubuhi mayai yao nimekula, lakini kwenye hesabu sikuwapo.

Haya, chumba. Watu wakubwa 2 na watoto 2. Mimi nina watoto 5. Tulifanya kikao cha familia kuchagua wawili, kikaisha kwa kilio, na mdogo akaanza kuwahesabia wenzake makosa yao ya tangu mwaka jana. Chai ya asubuhi haimo kwenye pointi. Kuna ada za huko, zinalipwa kwa pesa. Kuna bima ya lazima ya wageni waliyoianzisha Zanzibar Oktoba 2024. Kuna karti ya manjano ya chanjo, maana anayetoka kwetu bila hiyo hapiti. Halafu kuna ndeke yenyewe: Zanzibar iko mashariki yetu, hapo tu, lakini tiketi niliyoipata inakupandisha kwanza mpaka Addis Ababa, kule kaskazini kabisa, ndipo inakushusha tena. Bei yake kwa watu 7 sitaiandika hapa, watu wengine wana presha. Ingetosha parseli, na isiyo ya Kasapa tu.

Kanisani mchungaji alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akauliza kama hizo pointi zinatolewa fungu la kumi. Nikacheka. Nyumbani nikaangalia kwenye simu: kumbe hoteli kadhaa zinakuruhusu kweli kutoa pointi zako kwa mashirika ya misaada! Sikumrudia kumwambia.

Bei ilikuja kulegea kwa tarehe za Mei. Mei ni masika kule, mvua ya kisawasawa, na ni wakati ambapo Lubumbashi mvua zimekwisha na jua ni zuri kabisa. Na Mei watoto wako masomoni. Nikajua biashara imekufa, nikaanza hata kupumua.

"Hapana," akasema bibi yangu. "Watoto watabaki na shangazi. Si walishindwa kuelewana? Chumba ni cha watu wakubwa 2."

"Mimi na wewe," nikasema, nikaona hata aibu, kama tunaoana upya.

"Mimi na mama."

Nikamkumbusha kwamba chumba ni kwa jina langu, yaani majina yangu yote matatu sasa, na bila mimi pale mapokezi hawapewi ufunguo. Akafikiri. Akasema basi nitakuja, kitanda cha ziada si kipo? Kipo. Kinalipwa kwa dola. Pointi zimetosha siku 5, ule wa tano bila malipo; siku 2 za kumalizia wiki nazo ni kwa dola. Nimeshabonyeza, barua yao imeingia, wananishukuru kwa uaminifu wangu.

Mama mkwe alipiga simu jana kutoka Kipushi. Hakuniuliza habari za bahari. Aliuliza kama huko wanapika bukari. Nikamwambia ugali upo. Akasema hapana, hawezi kula unga wa watu asiowajua, atabeba wa kwake. Ndeke inaruhusu kilo ngapi? Nikamwambia 23 kwa begi.

"Kila mtu na begi lake?"

"Kila mtu, mama."

"Basi la kwako usiweke nguo nyingi. Tutatia samaki wakavu wa ziwa Moero. Kisiwani kule, nani ajuaye kama tutapata samaki."