Jani la mkungu si mikwaju miwili

Jumamosi iliyopita, uwanja wa gofu, shimo la 7, mpira wa binti mmoja ulitumbukia bunka, lile shimo la mchanga. Yalikuwa mashindano yake ya kwanza. Jani kavu la mkungu, lile pana jekundu, lilikuwa limeufunika mpira nusu. Akachuchumaa, akalishika kikonyo kwa vidole viwili, akalinyanyua polepole. Mpira haukutikisika hata kidogo. Mzee tuliyekuwa naye kundi moja akasema papo hapo: "Binti, umegusa kitu ndani ya hazadi. Mikwaju miwili." Yaani bunka ni kikwazo cha uwanja, na alama yake iongezwe mapigo mawili ya adhabu.

Kedi wa binti, kijana anayembebea mfuko wa fimbo, akajibu kwa adabu, "Samahani mzee, hiyo ilishabadilika." Akaambiwa abebe mfuko. Pale palipostahili mikwaju 5 pakaandikwa 7.

Tangu siku hiyo sijapoa. Sheria ile ilifutwa tarehe 1 Januari 2019! Hata neno hazadi halimo tena kwenye kitabu cha sheria za gofu. Zipo bunka, na yapo maeneo ya adhabu, kama bwawa au kijito, yenye vigingi vyekundu au vya njano. Sheria ya 15 inakuruhusu kuondoa jani, kijiti, jiwe, kinyesi cha mnyama, hata kichuguu cha sisimizi, popote pale, na bunka imo. Kilichobaki kukatazwa bunkani ni kuchezea mchanga: kuugusa makusudi ili ujue ulivyo, kuegesha fimbo mbele au nyuma ya mpira, kuugusa ukijaribu pigo au ukivuta fimbo nyuma. Na ukiondoa jani mpira ukasogea, unakula mkwaju mmoja na kuurudisha ulipokuwa.

Haya, mzee hakudanganya. Ndivyo alivyofundishwa, na sheria ya zamani ilikuwa kali kweli. Aprili 2010, Hilton Head, Marekani, mchezaji wa kulipwa Brian Davis alikuwa anachuana na mwenzake Jim Furyk kwenye shimo la nyongeza. Akivuta fimbo nyuma, ikagusa tete lililolala ndani ya hazadi. Akajishtaki mwenyewe, akapigwa mikwaju miwili, ubingwa ukaenda kwa Furyk. Leo kugusa vile hakuna adhabu. Lakini anayemtoza mwenzake ana wajibu wa kujua sheria ya leo, si ya enzi zake.

Kinachoniuma zaidi ni yule kedi. Yuko uwanjani kila siku ya Mungu, amesikia maamuzi mengi kuliko sisi wa mwisho wa wiki, na siku ile yeye peke yake ndiye aliyesema kweli. Akanyamazishwa kwa sababu ya mfuko ulio begani.

Na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa naandika alama za binti yule. Nilijua adhabu ile si halali, nikanyamaza kwa kumstahi mzee, kadi nikaitia saini. Kabla haijakabidhiwa, kamati ya mashindano ingelimaliza jambo lile kwa dakika moja. Baada ya hapo sheria ya 3 haina huruma: ukikabidhi alama kubwa kuliko uliyopiga, hiyo kubwa ndiyo inayobaki.

Tukiwa tunapakia mifuko kwenye magari binti akaniuliza, "Kaka, kwani nilitakiwa nifanyeje na lile jani?"

Nilimjibu: ulifanya sawasawa. Kesho asubuhi naenda banda la makedi kumtafuta yule kijana, nimwombe radhi mbele ya wenzake.