Kiingereza cha kidato na Kiingereza cha zamu

Huko Bongo bado kuna imani kwamba aliyebobea kwenye Kiingereza kigumu akitua Uingereza atateleza tu. Mimi naona kinyume. Postpone, tolerate, investigate, maneno tuliyosifiwa nayo sekondari, huyasikii kwenye nyumba ya kulea wazee ninapofanya kazi. Watu wanasema put off, put up with, look into. Vitenzi vya watoto, ila vimefungwa mkia wa kaneno kama off, up au into.

Na kesi yote iko kwenye mkia. Bibi akizirai, wanasema passed out. Akifariki, passed away. Taarifa zake ukiwafikishia wa zamu inayofuata, hiyo ni pass on, lakini ukisema bibi mwenyewe has passed on, basi hayupo tena duniani. Sasa mpigie mwanawe simu saa nane usiku halafu uchanganye. Aliyezirai akizinduka, has come round. Jirani akipita kukusalimia, naye ni come round. Ila ukiambiwa "you must come round sometime", usijihimu kuvaa viatu, hujaalikwa. (Hapo sisi tusiwacheke, maana "karibu chakula" zetu nyingine nazo tunazijua.)

Sioni haki kumlaumu mwanafunzi wa Tanzania. Shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anageuziwa kibao, na Kiingereza anachokutana nacho ni cha vitabu vya baiolojia na historia, kilichojaa maneno ya asili ya Kifaransa na Kilatini. Mengi yaliingia kwenye Kiingereza baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Phrasal verbs, yaani hivi vitenzi vyenye mkia, anapewa kama orodha ya kukariri, kila moja na maana yake, basi. Ningekuwa mwalimu ningezipanga zile zinazogongana: put off ya kuahirisha kando ya put out ya kuzima moto, turn up ya kutokea kando ya turn out ya mambo kuishia vingine, na darasa zima lizungumze, lisiandike.

Wenyeji nao wakijaribu Kiswahili wanaonja joto hilo hilo. Mwenzangu wa zamu amekwama kwenye fungiwa: mwizi kafungiwa stoo, mgeni kafungiwa chakula cha njiani, mchezaji kafungiwa mechi tatu. Ananiuliza kosa la mgeni ni lipi.