Nagona tuiweke kapu gani?

Semina yetu ya nadharia ya fasihi ilikwama wiki mbili kwenye swali moja: Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni riwaya ya usasa (modernism), yaani uandishi unaovunja kanuni za zamani za kusimulia huku ukiendelea kutafuta maana, au ya usasabaadaye (postmodernism), unaotilia shaka kama ukweli wenyewe upo? Wenzangu waliozoea kukaa upande wa dirishani, unakoingia upepo wa ziwa, walisema usasabaadaye bila hata kufungua daftari. Mimi nilisita. Kwa kuwa kazi ya muhula ilihusu suala hilohilo, niliamua kukisoma kitabu upya melini, nikienda kwa ndugu zangu Nansio. Kutoka Mwanza hadi Ukerewe ni saa tatu na ushee, na kitabu chenyewe hakifiki kurasa mia. Nilijua nitakimaliza. Tulipotia nanga nilikuwa nimesoma sura tatu, mbili kati ya hizo mara mbilimbili.

Mama mmoja aliyekuwa akirudi na madumu yake matupu kutoka sokoni aliniuliza, "Mwanangu, hicho kitabu kinahusu nini?"

"Kuna mtu yuko safarini, mama."

"Anakwenda wapi?"

Nikababaika. Akacheka, akarudi kwenye karanga zake.

Swali lake ndilo shtaka la wanaoupinga uandishi wa aina hii, na si shtaka la kubeza. Wanasema riwaya ya Kiswahili tayari ina wasomaji wachache. Mwandishi akivunja msuko, yaani mpangilio wa matukio, akafuta majina na kuchanganya ndoto na mchana, anabaki akiandikia wahadhiri na wanafunzi wanaoogopa kufeli. Wanaendelea: mitindo hii ina kwao. Usasa ulikomaa Ulaya iliyotoka kuchinjana katika vita vya 1914 hadi 1918, na mwaka 1922 pekee ulileta Ulysses ya Joyce na The Waste Land ya Eliot. Usasabaadaye nao ulipata tamko lake maarufu mwaka 1979, mwanafalsafa Mfaransa Lyotard alipoandika kwamba watu hawayaamini tena masimulizi makuu, yaani zile hadithi kubwa zinazodai kueleza historia nzima na inakoelekea. Sisi yanatuhusu nini?

Tena wana mfano mzuri, na unatoka kisiwa kilekile. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Humo Bwana Myombekere anakwenda ukweni kumfuata mkewe, anatozwa pombe ya ndizi, na wewe msomaji unaambiwa kila kitu bila haraka. Yule mama wa melini asingeuliza mtu anakwenda wapi.

Sasa upande wa pili. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, hakuanzia kwenye mafumbo. Rosa Mistika (1971) inasomeka kwa usiku mmoja. Kichwamaji (1974) ina Kazimoto, kijana msomi asiyeona maana ya kuishi, lakini kisa bado kinafuatika. Gamba la Nyoka (1979) inaingia kwenye vijiji vya ujamaa. Halafu kimya kirefu cha riwaya, kisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile 1991. Ukiziweka tarehe hizo kando ya tarehe za nchi, ile hoja ya "mtindo wa kuazima" inapwaya. Sisi pia tulikuwa na simulizi kuu: Azimio la Arusha la 1967, lililotuahidi ujamaa na kujitegemea. Nyerere aliondoka Ikulu 1985, mwaka uliofuata tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka uleule wa Mzingile likaja Azimio la Zanzibar kulegeza masharti ya uongozi. Aliyevunjikiwa na hadithi ya namna hiyo hahitaji Mfaransa amwambie imevunjika. (Nisidanganye: Kezilahabi alichukua udaktari wake Wisconsin, Marekani, na nadharia hizo alizijua vizuri kuliko darasa letu zima.)

Na umbo lenyewe si geni kiasi hicho. Katika ngano za bibi zetu mtu humezwa na ziwa, akakaa huko chini, akarudi. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza tukio hilo lilitokea mwaka gani.

Kuhusu kapu, mhadhiri wetu anapenda kipimo cha mhakiki Brian McHale, cha mwaka 1987: mwandishi wa usasa anauliza tutaijuaje dunia, wa usasabaadaye anauliza hii ni dunia ipi. Kwa kipimo hicho watu wa dirishani wana haki, maana ndani ya Nagona hujui kama uko kwa walio hai au kwa waliokufa. Lakini msafiri wa Nagona bado anatafuta. Anaamini kuna kitu cha kutafutwa, na kukikosa kunamuuma. Anayeamini kwamba ukweli haupo hapati maumivu hayo.

Hapo ndipo mimi na usasabaadaye tunapoachana, na sababu yangu haikutoka vitabuni. Mama yangu mdogo huenda makaburi ya Igoma kila Mei 21, siku ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996. Akisimulia siku ile hafuati mpangilio hata kidogo. Anaanza na chai iliyopoa, anaruka hadi foleni ya watu wanaotambua maiti, anarudi kwenye redio ya jirani, anataja kiatu, ananyamaza, kisha chai tena. Ukimpangia, ameshakuwa mtu mwingine anasimulia. Hata idadi ya waliokufa inatofautiana kwa kila anayeitaja, kuanzia mia nane na kitu mpaka elfu moja. Kwa hiyo naikubali kabisa hadithi iliyovunjika; pengine kwa mambo mengine ndiyo hadithi pekee ya kweli. Ninachokataa ni ile hatua inayofuata, pale mwenzangu aliposema, semina nzima ikitikisa kichwa kukubali, kwamba basi kila simulizi ni toleo tu, hakuna tukio nyuma yake. Idadi zinabishaniwa kwa sababu kila mmoja wao alikuwa mtu, na makaburi yako pale pale Igoma, unashuka daladala unayaona.

Kazi nimeikabidhi. Nagona nimeiweka upande wa usasa, ukingoni kabisa, mguu mmoja nje. Imerudi na alama za wastani, na kwa kalamu nyekundu pembeni ya aya ya mwisho: "Na Mzingile je?" Nimekwenda maktaba. Nakala iko moja, na ameiazima mmoja wa wale wa dirishani.