"Baridi au moto?" Swali lisiloifaa eli nyekundu

Mhudumu wa baa hapa Dar ana swali moja kwa kila bia: "Ya baridi au ya moto?" Kwa laga swali hilo linatosha. Kwa eli (ale) nyekundu iliyojaa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, majibu yote mawili yanaiua bia, na linaloniudhi ni kwamba tukishaiua tunaitolea hukumu. Chupa inatoka friza shingo imeganda, inanywewa hivyohivyo bila glasi, mnywaji anakunja uso: "Chungu hii. Imeharibika." Inasukumwa pembeni, meza nzima inaitikia, na aliyeitengeneza anabebeshwa lawama ya bia ambayo hakuna aliyeionja.

"Chungu" peke yake haitoshi kuwa hukumu. Ni sawa na kusema pilipili inawasha. Wapika mbege wa Kilimanjaro hutia gome la msesewe wakijua fika kwamba ni chungu, kwa sababu utamu wa ndizi na kimea cha ulezi unahitaji kitu cha kuukata. Hopsi zinafanya kazi hiyohiyo kwenye kimea cha shayiri. BJCP, mpango wa Marekani unaowapa vyeti waamuzi wa bia, uliiingiza IPA nyekundu, yaani hii eli nyekundu yenye hopsi nyingi ninayoizungumzia, kwenye mwongozo wake wa mitindo mwaka 2015, na uchungu ulioipangia ni IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 40 hadi 70. Eli nyekundu ya Ireland, ambayo wengi ndiyo wanayoifikiria wakisikia "bia nyekundu", imepangiwa 18 hadi 28. Laga ya kawaida ya Kimarekani inaishia 18. Mtu aliyezoea laga za Safari na Kilimanjaro lazima ashtuke kwa mara ya kwanza, hilo nakubali. Lakini mshtuko wa kinywa ni jambo moja, kasoro ya bia ni jambo jingine.

Cha kuuliza ni hiki: uchungu huo umeegemea nini? Kwenye eli nyekundu iliyopikwa vizuri umeegemea kimea. Mtengenezaji anachanganya kimea cheupe cha shayiri na kimea cha karameli kidogo, tuseme asilimia 5 hadi 10, kisha anatia shayiri ya kukaangwa asilimia 1 au 2 ili rangi iive. Hapo ndipo linapotoka ganda la mkate, karanga za kukaanga, kashata ambayo haijapoa. Juu ya msingi huo zinakaa hopsi, mara nyingi za Kimarekani: Cascade, iliyoanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1972, yenye balungi na maua, Chinook, yenye utomvu wa msonobari, Citra, yenye embe na pasheni. Pande hizo mbili zikishikana unapata kitu kama ganda la danzi lililochemshwa kwenye sukari hadi sukari ikaanza kuungua. Kimea cha karameli kikizidi, bia inanata mdomoni na inagombana na hopsi. Shayiri ya kukaangwa ikizidi, unaonja majivu. Hayo ni makosa ya mpishi na anastahili kuambiwa.

Friza, hata hivyo, si kosa la mpishi. Bia ikiwa kwenye nyuzi 1 au 2, harufu zake zinabaki zimefungwa ndani ya kimiminika, hazipandi puani. Ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri. Gesi inachoma. Kashata imepotea, embe limepotea, na kilichobaki mbele yako ni uchungu ukiwa uchi. Aliyesema "chungu" hakudanganya, ila amekunywa nusu ya bia na kuihukumu nzima.

Bia ya moto nayo ina matatizo yake. Kwenye nyuzi 28 au 30 gesi inatoka kwa fujo, nusu ya glasi inakuwa povu, kilevi kinatangulia puani (na mtindo huu unaweza kufika asilimia 7.5), na karameli inageuka sharubati. Walakini, na hili nalisema kwa shingo upande, wazee wanaokunywa ya moto wako karibu na ukweli kuliko vijana wa friza. Wao angalau wananusa wanachokunywa.

Nyuzi zinazofaa ni 8 hadi 12. Hazihitaji mtambo. Weka chupa kwenye friji ya kawaida iliyo kwenye nyuzi 4 hivi, wima, tangu jana yake, ili mashapo yatulie chini. Itoe na uiache mezani. Kwa joto la Dar, chupa ya mililita 330 inahitaji dakika 15 hivi. Kwenye chumba chenye kiyoyozi, 20 au zaidi kidogo. Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi. Ukiwa baa na bia yote imetoka friza, imimine kwenye glasi, izungushie viganja na usubiri. Na mwambie mhudumu mapema: "Dada, naomba glasi kavu, isiyotoka friza." Glasi iliyoganda inaacha maji ndani ya bia na kuirudisha kwenye baridi ileile uliyokuwa unaikimbia.

Sasa nifike panapouma zaidi, yaani safari ya bia kabla haijafika mezani. Watengenezaji wana kanuni ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 huichosha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si kipimo cha maabara, lakini kinaonyesha ukubwa wa jambo. Kuanzia Desemba hadi Machi, mchana wa Dar unazunguka hapohapo kwenye nyuzi 32, na ndani ya stoo ya mabati ni zaidi. Kreti iliyokaa wiki moja stoo, kisha ikapakiwa juani kwenye bajaji ya mizigo, kisha ikapangwa nyuma ya grosari hadi Ijumaa, imezeeka kabla mtu hajaifungua. Kuiingiza friji baada ya hapo kunaipoza tu. Hakurudishi kilichoondoka.

Na eli nyekundu ina ujanja ambao laga haina: inaficha uzee wake. Laga ikizeeka inanuka boksi lililolowa na kila mtu anajua. Eli nyekundu inapoanza kuharibiwa na oksijeni hutoa harufu ya asali, tofi na zabibu kavu, na mwonjaji asiye makini anazipokea kama utajiri wa kimea. Anasifu bia iliyokufa. Wakati huohuo harufu ya hopsi, ambayo ndiyo ya kwanza kuondoka, imeshatoweka, na uchungu uliobaki umekuwa mkwaruzo usio na tunda. Anayekunywa anapata utamu wa kizee mbele na ukali mtupu nyuma, kisha anaandika kwamba eli nyekundu ni mtindo usio na mizani. Mizani ilikuwepo siku ilipotoka kiwandani. Tumeivunja sisi, kwa joto.

Namna ya kutofautisha ni hii. Karameli changa inanukia kama sukari inayoungua sufuriani, ina ukavu kidogo, na inamalizika haraka ukishameza. Karameli ya uzee ni kama asali iliyokaa kabatini: ni tamu, imelala, inabaki kooni. Ukiisikia hiyo, rudi puani utafute machungwa, balungi au msonobari. Kama hakuna hata kimoja kwenye bia iliyoandikwa kuwa ina hopsi nyingi, acha kumlaumu mpishi, geuza chupa usome tarehe. Bia ya aina hii ikitunzwa kwenye ubaridi inywewe ndani ya miezi mitatu hivi tangu kufungashwa. Tarehe ya mwisho ya matumizi iliyo mbele mwaka mzima haikuambii kama hopsi bado zipo.

Mwanga ni mwizi mwingine. Ukipiga bia ndani ya chupa ya kijani au nyeupe, viini vya uchungu wa hopsi vinavunjika na kutengeneza harufu ya kicheche. Hapa simaanishi kwa mfano tu, kemikali yenyewe ni ya jamii ya zile za mnyama anayejihami kwa harufu. Chupa ya kahawia inakinga sana, kopo linakinga kabisa. Grosari inayopanga chupa za kijani kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana inauza kicheche.

Tukija kwenye kuonja kwenyewe, mililita 100 hadi 150 zinatosha. Glasi ya mvinyo inafaa kuliko ile ndefu iliyonyooka kwa sababu mdomo wake mwembamba unakusanya harufu. Isuuze kwa maji mengi: mafuta au sabuni ikibaki, povu linakufa na utaona vipovu vimeng'ang'ania ukutani. Inamisha glasi, mimina taratibu, kisha isimamishe na umalizie katikati ili povu la vidole viwili lipande.

Nusa kwanza, kabla ya kuangalia rangi. Harufu nyepesi za hopsi zinaondoka ndani ya dakika chache, rangi haina haraka. Vuta mara mbili tatu fupifupi, pumzika, zungusha glasi, rudia. Pua huzoea harufu upesi, kwa hiyo ukivuta mfululizo utabaki husikii kitu. Andika neno la kwanza linalokujia, hata kama ni "ukwaju" au "kashata". Ukisubiri neno la kitaalamu utaandika la mtu mwingine. Kisha iangalie mbele ya karatasi nyeupe: rangi ya shaba hadi ya chai ya rangi iliyokolea, yenye wekundu ukiishika kwenye mwanga.

Onja, izungushe mdomoni, meza. Usiteme kama watu wa mvinyo, maana harufu inayopanda puani kwa nyuma baada ya kumeza ni sehemu ya hukumu. Kisha hesabu hadi 30 bila kunywa tena. Hapa ndipo eli nyekundu inapojieleza. Uchungu mzuri unapanda, unakaa, unashuka, na nyuma yake ukavu kidogo na mkate. Uchungu mbaya unabaki palepale ulipotua, kama kidonge kilichokwama.

Tofautisha pia uchungu na ukakasi. Aliyewahi kung'ata bibo anaujua ukakasi: mdomo unakauka, ulimi unakuwa kama kitambaa. Huo haupimwi na IBU. Unaweza kutokana na hopsi zilizolowekwa muda mrefu mno, au kimea kilichosuuzwa kwa maji ya moto kupita kiasi, kama chai iliyosahaulika jikoni. Huo ni wa mpishi. Siagi, kama ya bisi, ni hamira ambayo haikupewa muda wa kumaliza kazi, au mipira ya bia ya pipa isiyosafishwa. Tufaa bichi ni bia iliyotolewa mapema. Mahindi ya kuchemsha, mchemsho hafifu. Plasta ya kidonda, mara nyingi klorini ya maji ya bomba iliyokutana na kimea. Uchachu wa maziwa mgando, uchafu.

Kinywa kinachoonja kisiwe na pilipili, sigara wala mishkaki. Maji ya kawaida na mkate mtupu vinasafisha. Hopsi nyingi zinazidisha mwasho wa pilipili, kwa hiyo nyama choma isubiri. Zaidi ya bia tano sita za aina hii kwa kikao kimoja, hata kwa mafunda madogo, ulimi umechoka na alama zako hazina maana.

Kuhusu alama, karatasi ya BJCP ina 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na jumla yake kama kinywaji 10. Tazama hizo 3 za mwonekano. Nusu ya mazungumzo yetu kuhusu eli nyekundu ni kama ni nyekundu kweli, na jambo hilo lote halifiki hata alama 4. Harufu, ambayo friza inaifuta yote, ina 12. Anayeionja ikiwa imeganda ameshapoteza karibu robo ya karatasi kabla hajameza, na sehemu kubwa ya zile 20 za ladha inaifuata.

Asiyeamini habari ya joto ajaribu mwenyewe. Nunua kopo sita za eli nyekundu ya tarehe moja. Tatu zikae friji, tatu zikae kabatini jikoni, wiki mbili. Siku moja kabla, zote ziingie friji ili zifanane kwa ubaridi. Waite watu sita. Kila mmoja apewe glasi tatu, mbili za aina moja na moja tofauti, aitafute iliyo tofauti. Baadhi wapewe mbili za kabatini, wengine mbili za friji. Anayebahatisha ana nafasi 1 kati ya 3. Wakipatia watano kati ya sita, uwezekano kwamba ni bahati tupu ni chini ya 2 kwa 100. Zimeni taa kubwa, maana rangi inaweza kuwasaidia. Anayemimina asiwe miongoni mwa wanaoonja, abandike tepu yenye namba chini ya kila glasi, na orodha ya namba ibaki jikoni mpaka wote sita wawe wameandika majibu yao.